Kuishi kiyogi hapa Mwanza: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila Jumamosi alfajiri tunakutana juu ya jiwe moja pana upande wa Nyegezi, mara watu kumi, mara wanne. Wapita njia husimama na kuuliza, na ndugu zetu nyumbani huuliza zaidi. Mimi ni karani wa mahesabu, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa tisa tangu niingie njia hii. Hapa nimeandika majibu ninayoyatoa kwa mdomo, pamoja na yale ambayo nikiulizwa barabarani sipati nafasi ya kuyamaliza.

Yogi si yule mzee wa India anayekaa pangoni? Sisi wa ofisini na sokoni tunahusikaje?

Neno yoga ni la Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kufunga pamoja, kama mkulima anavyowafunga ng'ombe wawili nira. Usukumani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ng'ombe mmoja akivuta kuelekea mtoni na mwenzake kuelekea majanini, jembe linarukaruka na mkulima anachoka kabla ya saa nne. Mimi niliishi hivyo miaka mingi: mwili uko mezani unajumlisha ankara, kichwa kiko kwenye ada ya shule. Yogi ni mtu anayejifunza kuvifunga viwili hivyo nira moja.

Wapo waliokaa mapangoni, na nawaheshimu. Lakini tangu zamani India imekuwa pia na mayogi wa nyumbani, wenye ndoa na kazi. Ninayempenda zaidi ni Lahiri Mahasaya (1828–1895) wa Varanasi. Alikuwa karani wa mahesabu katika idara ya uhandisi ya jeshi, enzi za utawala wa Waingereza. Alikuwa na mke na watoto, na baada ya kazi wanafunzi walimfuata nyumbani kwake. Siku nilipozisoma habari zake nilinyamaza muda mrefu. Karani kama mimi!

Basi nianze na mkao upi?

Usianze na mkao. Najua jibu hili linawavunja moyo waliokuja na nguo mpya za mazoezi, lakini ndivyo njia yenyewe ilivyopangwa.

Patanjali, mwalimu wa kale wa India, aliigawa yoga katika matawi manane. La kwanza ni mwenendo wetu na wengine, nalo lina mambo matano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuwa na kiasi katika tamaa za mwili, na kutolimbikiza. La pili ni mwenendo wa mtu na nafsi yake: usafi, kuridhika, juhudi yenye nidhamu, kujisoma, na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao inakuja ya tatu. Ndipo zifuate pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho ule utulivu mkuu unaoitwa samadhi. Katika aya zake fupi 196, mkao amepewa aya tatu tu, na neno lake kubwa humo ni kwamba mkao uwe imara na uwe na raha.

Kwa hiyo anayekuja kwetu tunamwomba achague jambo moja kati ya yale matano ya kwanza aliishi mwezi mzima, huku tukimfundisha kuketi na kupumua. Baada ya miaka tisa, mimi bado narudi hapo.

Kutodhuru maana yake nisimchape mtoto?

Ndiyo, na usiishie hapo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo letu la kulitazama usoni. Bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani za utajiri. Huwezi kukaa jiweni alfajiri ukivuta pumzi taratibu, kisha jioni ukanyamaza jirani anapomtaja bibi fulani kuwa ndiye aliyemroga mtoto mwenye homa.

Mimi niliwahi kunyamaza. Ilikuwa msibani, mwaka wa pili wa mazoezi yangu, na wote waliokuwa wakisema walikuwa wakubwa kwangu. Bibi yule hakuguswa, nashukuru, ila alihama kwa fedheha na sikuwahi kumwomba radhi. Jina lake hunijia mara nyingi ninapofumba macho. Siku hizi nasema. Nasema kwa adabu, nauliza kama mtoto amepimwa malaria, nachangia nauli ya kwenda zahanati, lakini nasema.

Lazima niache samaki? Mwanza bila sato?

Sitaficha: mayogi wengi hawali nyama wala samaki, kwa ajili ya kutodhuru huko huko. Mimi niliacha nyama kwanza, samaki nikawaacha mwaka wa nne, na hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu anakula sato wa kuchoma na namwandalia kwa moyo mweupe. Kumpikia kwa kununa, huku najiona mtakatifu, kungekuwa kumdhuru.

Wawili kati yetu ni wavuvi wa dagaa. Huonekana jiweni siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazivuti dagaa, nao hupumzika. Siwaambii waache kazi inayowalisha watoto wao. Tunachozungumza nao ni namna ya kuvua: nyavu zenye matundu madogo kupita yanayoruhusiwa, makokoro yanayokomba hadi mazalia, na sangara wa chini ya sentimita 50 ambaye sheria inakataza kumvua kwa kuwa hajapata nafasi ya kuzaa. Wazee wanakumbuka furu walivyojaa kwenye fukwe hizi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na alipoongezeka aina nyingi za furu zilipotea. Mvuvi anayerudisha makokoro nyumbani na kutoyashika tena, huku anaona wenzake wanajaza ndoo, anafanya yoga ngumu kuliko kusimama kichwa chini.

Kwa anayetaka kupunguza, chakula kipo. Choroko zetu zikipikwa pamoja na mchele, bizari na tangawizi, ndiyo kichri, chakula ambacho India huwapa wagonjwa, watoto na wanaofunga. Kuna maharage, kunde, karanga, mlenda, michembe, maziwa ya mgando. Atakayeacha hadi maziwa na mayai amuulize mtaalamu wa lishe kuhusu vitamini B12, maana mimea haitoi.

Nina biashara sokoni. Nikifuata ukweli na kutoiba, si nitafunga kibanda?

Hili nalijibu kwa hadhari kwa sababu silipi kodi ya kibanda chako. Mama mmoja wa kundi letu anauza dagaa wakavu. Kopo lake la kupimia lilikuwa limebonyezwa kitako, kama makopo mengi yanavyobonyezwa, na mteja akiondoka amepungukiwa kiganja kizima. Alinunua kopo jipya. Mapato yake yalishuka, na hadi leo hayajarudi yote. Anasema anachopata ni kwamba mteja akirudi na uso uliokunjamana, moyo wake haushtuki.

Upande wa pili yuko mkulima, anayejaziwa gunia la lumbesa na kulipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi wa mpunga akiwa yogi atakataa lumbesa hata kama mkulima mwenyewe ameizoea na halalamiki. Maofisini kutoiba kuna sura yake: muda wa mwajiri, karatasi za ofisi nyumbani, kuchelewesha faili la mtu hadi atoe "ya soda". Sitaendelea, kila mtu analijua la kwake.

Na kutolimbikiza? Sina hata cha kulimbikiza.

Nilifikiri hivyo pia. Kisha nikaandika orodha ya madeni. Nilikuwa nimekopa mkopo wa kausha damu ili nichangie harusi ya binamu kwa kiwango cha kuonekana, na marejesho ya kila wiki yalikuwa yanakula chakula cha watoto. Nilichokuwa nimelimbikiza ni sura yangu machoni pa watu.

Michango siyo adui. Ndiyo inayotuzika na kutuoza. Ila siku hizi natoa ninachoweza kutoa bila kukopa, na nikipigiwa simu kuongezewa kiwango nasema, "Samahani shangazi, mwaka huu uwezo wangu umeishia hapo." Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Kuridhika, ambako Patanjali amekuweka katika tawi la pili, hakumaanishi kutotafuta. Ninaendelea kutafuta, na kwenye vikoba vyetu naweka hisa kila mwezi. Nimeacha kukimbizana.

Mimi ni Mkristo. Jirani yangu ni Mwislamu. Hii si dini ya Wahindu?

Yoga ilizaliwa na kulelewa India, mikononi mwa Wahindu, Wabudha na Wajaini. Anayekwambia ni mazoezi ya viungo tu amekupunguzia ukweli, na hao waliotupa zawadi hii amewanyima heshima yao. Jamii ya Wahindu ipo hapa Mwanza tangu zamani, na wanazo ibada zao.

Katika kundi letu wapo Wakatoliki, Waislamu na mama mmoja mlokole. Patanjali anataja kujikabidhi kwa Mola bila kueleza msikiti, kanisa wala hekalu. Tunapoketi kimya kila mtu analeta moyoni jina analolijua: mmoja jina la Yesu, mwingine dhikiri yake. Nyimbo za miungu ya Kihindu hatuziimbi, kwa sababu siyo ibada yetu na hatutaki kuigiza ibada ya watu. Kama dhamiri yako bado inakukataza, au umeongea na padri wako au shehe wako akakushauri usifanye, usifanye. Hakuna atakayekusema.

Naamka saa kumi na moja, narudi saa mbili usiku. Muda uko wapi?

Uko hapo hapo unapoamka. Mayogi wanaupenda muda unaoanza saa moja na dakika 36 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48. Kwetu jua huchomoza kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi saa 1 kasoro, kutegemea mwezi, kwa hiyo muda huo unaangukia kuanzia saa 11 alfajiri, au kabla yake kidogo. Ni wakati ule adhana inaposikika, jiwe la Bismarck Rock pale ziwani bado ni kivuli, na mabati ya vilimani bado yana ubaridi. Huhitaji dakika 48. Mimi nina ishirini: tano za kujinyoosha, tano za pumzi, kumi za kukaa. Mtoto akiamka mapema zinakuwa kumi na mbili, na siku hiyo imetosha.

Kosa la wengi ni kuanza na saa nzima kwa siku nne, kisha kuacha miezi miwili.

Na kwenye daladala?

Daladala ni mahali pazuri sana, hasa ukiwa umekaa. Funga mdomo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, usiibane. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo na mwili hujua kuwa hakuna hatari. Hesabu kuanzia kituo kimoja hadi kingine. Konda akikudai nauli mara ya pili, mjibu ukiwa kwenye pumzi ya kutoka. Sauti yenyewe itashuka. Nilikuwa nafanya hivi saa nzima kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo nilipokuwa nasafiri kwenda Sengerema. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kwa dakika chache, na nashukuru, ingawa kile kimya cha kwenye maji nakikumbuka.

Nyumbani, ukiwa umeketi, ongeza pumzi ya kupokezana. Ziba tundu la pua la kulia kwa kidole gumba, vuta kwa kushoto. Ziba kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa kulia. Vuta kwa kulia, ziba, toa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya sita hadi tisa. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asizuie pumzi kabisa, na asijaribu pumzi za kupiga tumbo kwa nguvu.

Zile siku wadudu wa ziwani wanapokuja kama moshi mweusi, fanyia ndani, dirisha likiwa na wavu.

Naweza kuoga ziwani alfajiri, kama mayogi wanavyooga mto Ganges?

Hapana, tafadhali. Kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono walioko kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Kama kazi yako inakuingiza majini, nenda kapimwe na unywe dawa inavyoelekezwa. Usafi wa yogi unatosha kwa ndoo ya maji ya bomba.

Vivyo hivyo kuosha pua. Ni desturi nzuri wakati wa vumbi la kiangazi, lakini kamwe usitumie maji ya ziwa, ya kisima wala ya bomba moja kwa moja. Chemsha, acha yapoe hadi yawe vuguvugu, weka kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kwa nusu lita, na kile chombo chenye mdomo mrefu kiwe kimeoshwa kwa maji yaliyochemshwa.

Mwili wangu ni mgumu, na nina miaka hamsini na nane.

Shikamoo, na karibu. B.K.S. Iyengar (1918–2014), mmoja wa walimu waliojulikana zaidi duniani, alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa: mafua makali, malaria, kifua kikuu. Huenda ndiyo maana aliwajali wagumu na wagonjwa; aliwafundishia kwa viti, kamba, matofali na mablanketi. Vyote hivyo tunavyo. Kiti cha plastiki kinatosha kwa nusu ya tunayoyafanya, na kanga iliyokunjwa mara nne chini ya makalio huyanusuru magoti.

Nasema magoti kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nililazimisha ule mkao wa miguu yote miwili kupanda juu ya mapaja, nikasikia kitu kimelia ndani ya goti la kushoto. Nilichechemea miezi mitatu. Mkunjo ule unatoka kwenye nyonga. Nyonga isipofunguka, goti ndilo linalolipa. Kaa kwa kukunja miguu kama unavyokaa mkekani kwenye maulidi au msibani. Inatosha kabisa.

Halafu tazama ulichonacho tayari. Mama anayejitwisha ndoo ya lita ishirini juu ya ngata na kupanda mawe ya Mabatini bila kumwaga anajua uti wa mgongo ulionyooka kuliko anayejifunzia kwenye kioo. Mwenye kupalilia ameinama kutoka nyongani, mgongo haujapinda, ana mkao ambao wengine wanauhangaikia. Tunachoongeza ni pumzi na uangalifu.

Mtaani kwetu kuna baa mbili na spika kubwa. Nitatafakari vipi?

Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inamfananisha mtu anayetuliza hisi zake na kobe anayevirudisha viungo vyake ndani ya gamba. Kobe haiamuru dunia inyamaze. Muziki usikie kama muziki, usiusikilize maneno. Ukiona umeshaanza kuimba, rudi kwenye pumzi, hata mara mia. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe.

Simu ni ngumu kuliko baa, kwa sababu tunaishika wenyewe. Yangu hulala sebuleni. Makundi ya familia na ya michango yananisubiri hadi saa moja asubuhi, na tangu nianze hivyo hakuna dharura iliyonipita; watu wenye dharura hupiga.

Mume wangu anasema nimeingia kwenye kikundi cha ajabu.

Mwalike aje aone, hata akae pembeni na chai yake. Na usimnyime haki zake kwa jina la yoga. Ile kiasi katika tamaa za mwili, kwa watu wa ndoa, ni uaminifu na kuheshimiana, si kumhamia mwenzio chumba cha pili. Wangu alinyamaza miezi sita, kisha akasema tu, "Siku hizi hugombi asubuhi."

Yoga inaponya presha, kisukari, pumu?

Usiache dozi. Mazoezi na pumzi tulivu huweza kusaidia kushusha shinikizo la damu na kuleta usingizi, lakini ni msaada kando ya dawa na kliniki. Anayekuahidi kukuponya kwa malipo, mkimbie. Mjamzito asilalie tumbo, asijizungushe kwa nguvu kiunoni, asizuie pumzi, na kwanza amuulize mkunga wake.

Nivae nini?

Chochote unachoweza kuchuchumaa nacho. Hijabu, kanga juu ya suruali, tisheti ya shambani.

Kwa nini mnalala chali mwishoni? Bibi yangu ameogopa jina lake.

Kwa Kisanskriti unaitwa mkao wa maiti, na kweli kwetu jina hilo halitamkiki mbele ya wazee. Sisi tunauita mlalo wa kutulia. Dakika tano, viganja juu, macho yamefumbwa, mwili wote umeachiwa jiwe. Wanaofanya kazi ya kubeba mizigo huwa wanalia hapo, mara nyingine. Tunawaacha.

Siku ya yoga ni lini?

Tarehe 21 Juni. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Nasi tunapanda jiweni kama Jumamosi yoyote.

Nije na nini?

Kanga mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika mwishoni, maana upepo wa ziwa una baridi kabla ya jua. Maji ya kunywa. Usile kitu kizito ndani ya saa tatu za kabla ya mazoezi. Viatu tunaviacha chini ya jiwe, na mvua ikiwa imenyesha usiku hatupandi, jiwe linateleza. Tunakutana barazani kwa mama wa dagaa.